Upepo wa Ng'angalu Wakataa Kutulia

Nchi ninayoisimulia si ya kwenu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Kama kuna waziri wenu anayefanana na wa kwetu, hiyo ni bahati mbaya yake, na kama mna mlima wenye upepo kama wa Ng'angalu, utunzeni. Mimi nilikuwa katibu katika Wizara ya Makaa na Mwanga kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao. Sikuajiriwa kucheka, na katika miaka yote hiyo nilicheka mara moja tu, nikapewa onyo kwa maandishi.

Tulikuwa na mtambo mmoja wa umeme, wa makaa ya mawe, uliojengwa pembeni kabisa mwa mji mkuu ili wananchi wauone moshi wake bila kupoteza nauli. Moshi ule ulikuwa kwenye nembo ya taifa, kwenye sare za shule na kwenye vifua vyetu. Mashati meupe yalipigwa marufuku, si kwa ubaya, bali kwa sababu kila shati jeupe lilikuwa la kijivu ifikapo saa nne asubuhi, na Serikali haikupenda watu wabadilike rangi bila kibali. Madaktari waliagizwa wasiandike kwamba mgonjwa ana kikohozi cha makaa. Waliandika "kikohozi cha maendeleo," na aliyekohoa mbele ya kiongozi alipigiwa makofi.

Umeme wenyewe ulikuja na kuondoka. Ulipoondoka hatukusema umekatika. Tulisema uko likizo, maana hata mtumishi wa umma ana siku zake.

Jambo moja lazima mlijue mapema, kwa kuwa ndilo lililotuponza. Kwetu kulikuwa na Sheria ya Utulivu. Mgeni Rasmi akishapanda jukwaani, kila kitu kitulie ndipo aanze, na kiendelee kutulia mpaka atamke neno "nimemaliza." Si watu peke yao. Baiskeli zililazwa chini, kuku walifunikwa kwa tenga, watoto wachanga walipewa ziwa wasirushe miguu. Hotuba ikiwa ya taifa zima, inayorushwa redioni, nchi nzima ilitulia: magari yalizimwa barabarani, saa za ukutani zilitolewa betri, na hata mtambo wa makaa ulizimwa, wafanyakazi wake wakajipanga mstari na makoleo begani. Kilichoruhusiwa kunguruma ni jenereta ya gari la matangazo tu, nayo ilikuwa na kibali maalumu.

Aliyeitunga sheria hiyo ni Waziri wangu, Mheshimiwa Daktari Injinia Sospeter Ngwanda. Aliamini kwamba nchi iliyotulia ndiyo nchi inayosikiliza.

*

Ng'angalu ni kata iliyo juu kabisa ya uwanda, mahali ambapo miti yote imeinama upande mmoja na mwanamke akianika khanga huifunga kwenye kamba mafundo matatu. Nguzo za umeme zilipita pale pale juu ya kijiji, zikielekea kwenye shamba la mtu ambaye sitamtaja. Waya wa kushuka kijijini haukuwahi kushuka.

Zahanati ya hapo ilikuwa na jokofu la chanjo, lililoletwa kwa ngoma na kuzinduliwa kwa utepe. Lingeweza kutumia umeme, ila kwa kuwa haukuwepo lilitumia gesi. Mwaka mmoja gesi ilichelewa wiki tatu kwa sababu barua ya kuiomba ilipigwa muhuri wa samawati badala ya zambarau. Chanjo zikaharibika. Surua ikaja, ikachukua watoto kumi na wanne.

Nesi Mwasiti Kidulile ndiye aliyewafunika mmoja mmoja. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wanawake wasukume. Alitoka kwenye maziko ya yule wa kumi na nne akaenda moja kwa moja kwa Kalembo, fundi wa kuchomelea, udongo wa makaburini ukiwa bado miguuni.

"Kalembo, huu upepo unaotung'olea mabati kila mwaka, huwezi kuupa kazi?"

"Kazi gani, nesi?"

"Ya jokofu."

Kalembo alikwenda kwenye lori la Idara ya Mipango, ambalo lilifia hapo likiwa safarini kwenda kupanga, akalitoa alteneta, ile dinamo ya kuchaji betri. Alipasua bomba la maji la plastiki akapata mapanga matatu, akakata bati la mkia, akasimamisha nguzo ya chuma, akaunga betri nne. Siku ya tatu pangaboi likazunguka na taa ndogo ya jokofu ikawaka kijani. Mwasiti alikaa mbele yake kwenye kigoda akalia. Kisha alijifuta uso, akasoma kipimajoto, akaandika kwenye daftari: nyuzi nne.

Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna mtoto wa Ng'angalu aliyekufa kwa surua. Naiandika sentensi hii polepole, kwa kuwa ndiyo iliyoleta matatizo.

*

Habari ilitufikia Wizarani ikiwa imetiwa chumvi kidogo: kuna kijiji kinawasha taa bila moshi. Waziri aliitisha kikao cha dharura.

"Bila moshi?" aliuliza. "Sasa wananchi watajuaje kwamba Serikali inafanya kazi?"

Mzee mmoja wa Idara ya Viwango alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, makaa tunayachimba, tunayabeba, tunayapima, tunayamwagia maji yasipeperuke, kisha tunayapima tena kwa sababu yameloa. Upepo unakuja wenyewe. Sasa kitu kikija chenyewe, sisi asubuhi tutakuwa tunakwenda wapi?"

Lilikuwa swali zito, na wengine walianza kufikiria wake zao.

Ikaundwa Tume ya Kulinganisha Upepo na Makaa. Waziri alijiteua mwenyekiti, akajipongeza. "Lengo letu ni haki," alisema. "Kila upande utasikilizwa bila upendeleo. Katibu, andika hitimisho kwamba makaa yameshinda, halafu acha nafasi hapo juu kwa ajili ya ushahidi."

Niliacha kurasa sita.

Hojaji ikatumwa kwa pande zote mbili. Upande wa makaa ilijibiwa na Wizara kwa wino wa dhahabu. Upande wa upepo ilijibiwa na Nesi Mwasiti, kwa ule mwandiko wa kwenye kadi za kliniki. Tuliuliza nishati hii ina rangi gani. Makaa walijibu nyeusi, rangi ya uthabiti. Mwasiti alijibu haina. Tuliuliza inaacha nini baada ya kutumika. Makaa walijibu majivu, ajira ya kuzoa majivu, na mlima mpya wa majivu utakaovutia watalii. Mwasiti alijibu kwa neno moja: upepo. Tuliuliza hupumzika lini, tukijua kwamba hapo tumembana. Aliandika: "Mwezi wa pili hulala siku mbili tatu. Betri hutuvusha. Wa kwenu huamka lini?"

Waziri alisema hilo la mwisho si jibu bali ni swali, na hojaji ina mwenyewe wa kuuliza.

Idara ya Viwango nayo ikataka sampuli: gunia moja la upepo, lishonwe mdomo na kutiwa lakiri. Mwasiti alilituma bila kubisha. Lilifika limevimba, likapokelewa na karani wa mapokezi, naye kwa uaminifu wake akalifungua ahakiki kilichomo. Kwenye daftari la mapokezi aliandika: "Gunia limepokelewa. Yaliyomo yametoroka." Kesho yake Waziri alilinyanyua gunia tupu mbele ya waandishi wa habari, akaliweka kwenye mizani, akatangaza kwa masikitiko, "Tani sifuri."

Hapo ndipo nilipocheka.

*

Mshindi akawa amepatikana, ila pangaboi lilikuwa bado linazunguka, na watu wa vijiji vya jirani walikuwa wameanza kwenda kulitazama na kumuuliza Kalembo maswali. Waziri akaamua kukata mzizi wa fitina. Angekwenda Ng'angalu mwenyewe, atoe hotuba ya taifa zima, autangaze ushindi wa makaa, kisha nguzo ile ikatwe mbele ya umma. Lori la makaa lilitangulia likamwaga rundo kubwa mlangoni mwa zahanati, nalo likafungwa utepe.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kliniki. Akina mama sitini na watatu walikuwa wamekuja na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Mwasiti aliomba awachanje kwanza, hotuba ifuate. Alijibiwa kwamba mtoto akichomwa sindano hulia, na kulia ni kutikisika. Akina mama wakapangwa juani nyuma ya kamba.

Saa nne kamili mtambo wa makaa ulizimwa, nchi nzima ikatulia. Waziri alipanda jukwaani, akafungua karatasi zake, akatazama huku na huku kama sheria inavyotaka. Magari yalikuwa yametulia, kuku na watu vilevile. Juu ya zahanati pangaboi lilikuwa linazunguka.

"Kamanda," Waziri alisema bila kuachanisha meno. "Litulize lile."

Kamanda Mbwilo wa polisi alikwenda chini ya nguzo, akakaza mkanda, akalisomea pangaboi kifungu cha nne cha Sheria ya Utulivu. Likaongeza kasi, maana saa nne ndipo upepo wa Ng'angalu huanza kuchangamka. Akalisomea tena kwa sauti ya onyo la mwisho. Kisha akamgeukia Kalembo.

"Wewe fundi, linazuiwaje?"

"Lina kamba ya breki, afande. Ila imefungwa ndani, kwa nesi."

Nilimfuata Kamanda ndani, kwa kuwa ni lazima kila kitu kiandikwe. Mwasiti alikuwa amesimama mbele ya jokofu, kamba ikining'inia nyuma ya bega lake.

"Nesi, vuta kamba."

"Sivuti."

"Ni amri ya Waziri."

"Nimeisikia. Sivuti. Mmekuja na msumeno wa chuma kwenye gari, afande, nimeuona. Likisimama leo halizunguki tena."

"Mama, unanitia matatani."

"Una nguvu kunishinda, nisukume. Ila kabla hujanisukuma, fungua jokofu hili. Shika hivyo vichupa kwa mkono wako, kimoja kimoja, uniambie mwezi ujao ni watoto gani kati ya wale wa nje watakosa. Majina yao yote ninayo. Ukishamaliza kuchagua, kamba hiyo hapo."

Kamanda aliutazama mlango wa jokofu. Hakuufungua. Alirudi nje, akapiga saluti, akasema, "Mheshimiwa, breki imegoma."

Niliandika hivyo hivyo kwenye kumbukumbu, na sioni haya.

Basi tukakwama. Mgeni Rasmi hawezi kuanza mpaka kila kitu kitulie. Asipoanza hawezi kumaliza. Asipomaliza hawezi kushuka, wala hakuna mwenye ruhusa ya kusogea, na mtambo wa makaa haurudi kazini mpaka "nimemaliza" isikike redioni. Vifungu vyote hivyo alivitunga yeye, akavifungamanisha vizuri ili pasiwe na mwanya. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Nchi nzima, watu wamesimama barabarani na mitaani na kwenye madarasa, haikusikia kitu redioni ila upepo wa Ng'angalu ukivuma kwenye kipaza sauti.

Saa saba jenereta ya gari la matangazo ilikohoa, ikazima. Ilikuwa imejazwa mafuta ya saa tatu, ambazo ndizo za hotuba.

Sasa hata Waziri angeamua kuivunja sheria yake na kusema "nimemaliza" bila kuanza, hakuna ambaye angemsikia. Alijaribu. Alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na upepo ukayachukua maneno yote ukayapeleka bondeni, kusiko na watu.

Hapo ndipo mmoja wa wale akina mama aliinama akapita chini ya kamba iliyowazuia. Aliitwa Semeni Luhanga, nilikuja kujua baadaye.

"Wewe mama!" Waziri alifoka. "Tulia!"

Semeni alisimama mbele ya jukwaa, akampandisha mtoto mgongoni. "Mheshimiwa, huyu ana miezi tisa, leo ndiyo siku yake. Mimi nimeshatulia sana. Dada yake ametulia kule makaburini, kwa surua. Sitatulia tena."

Akatembea. Nilisikia miguu yake kwenye changarawe, maana hakuna kingine kilichokuwa kinasogea nchini. Alikwenda akalipita rundo la makaa, akaingia zahanati. Kisha kamba ile ikalala chini na wote sitini na wawili waliobaki wakamfuata, na watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine, kilio kizuri cha sindano. Nilikuwa nimesimama na kalamu yangu mkononi. Niwaambie ukweli, niliona fahari kuliko siku yoyote niliyowahi kuimba wimbo wa taifa.

*

Fundi mitambo wa redio alimsogelea Waziri akamnong'oneza kwamba katika nchi nzima umebaki umeme wa mahali pamoja tu. Waziri alimwangalia kama aliyetukanwa. Kisha alishuka, akajipangusa vumbi, akaenda mpaka mlango wa zahanati.

"Nesi. Tunaomba mahali pa kuchomeka waya."

"Chukua namba," alisema Mwasiti, bila kuinua macho kutoka kwenye mkono wa mtoto.

Kalembo alimpa kipande cha boksi kilichoandikwa sitini na nne. Waziri alikaa kwenye benchi la akina mama. Kichanga cha jirani yake kilimshika tai kikaitia mdomoni, na hakuna aliyethubutu kukinyang'anya, maana kilikuwa kimetulia. Ilimchukua saa mbili na dakika arobaini kufika mezani.

"Kadi ya kliniki?"

"Sina."

"Unasumbuliwa na nini?"

"Nchi imezimika."

"Tangu lini?"

"Tangu leo saa nne."

"Mimi nilijua ni siku nyingi." Mwasiti alisafisha mikono yake polepole. "Jokofu kwanza, taa ya chumba cha wazazi ya pili. Kinachobaki ndicho chako. Utachomeka. Lakini ukiongea, utasema umeme umeutoa wapi."

"Hilo haliwezekani. Kuna itifaki."

"Basi wapishe wengine."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alisubiri kidogo, aone kama atakuja. Kisha Kalembo akachomeka waya, redio zikakoroma nchi nzima, na watu waliokuwa wamesimama tangu asubuhi wakasikia hotuba fupi kuliko zote katika historia yetu: "Ndugu wananchi. Umeme huu unatoka kwenye upepo wa Ng'angalu. Nimemaliza."

*

Ripoti ya Tume ilitoka wiki iliyofuata. Ilieleza kwamba sauti iliyosikika redioni ilikuwa hitilafu ya hewa. Ilieleza pia kwamba makaa yameshinda kwa uzito, kwa rangi na kwa historia. Haikueleza kwamba mtambo ulipowashwa upya ulichukua siku nne kupata moto, na kwamba chanjo za bohari kuu ya mji mkuu zilikuwa zimeoza. Nafasi haikutosha, kurasa zilikuwa sita tu.

Kisha nikaamriwa kuchapa barua. Nesi Mwasiti Kidulile alipewa siku saba aliondoe pangaboi kwa gharama zake na aombe radhi kwa makaa. Jibu lilikuja nyuma ya karatasi ile ile:

"Mheshimiwa, siliondoi. Njooni mliondoe wenyewe. Mkija, mje Jumatano, leteni na watoto wenu. Nasikia kwenu hakuna chanjo. Hapa zipo. Mwasiti, Nesi."

Waziri aliisoma mara mbili. Aliuliza kama ni matusi, na mwanasheria wetu akasema amelitafuta tusi hajaliona. Akaagiza Kamanda Mbwilo aende Jumatano na msumeno, na mimi niende niandike kumbukumbu za nguzo kuanguka.

Tulikwenda. Kwenye gari Kamanda alikuwa na mapacha wake wawili wa kiume, wamevalishwa soksi. Hatukuulizana kitu njia nzima. Tulipofika alimpa Kalembo ule msumeno, naye akaupima ukali wake kwa kidole, akasema utafaa kukatia nguzo za pangaboi la pili, la shule.

Tukapanga foleni. Mbele yetu walikuwepo watu arobaini, na wengine niliwatambua kuwa ni wajumbe wa Tume, wamejifunika kofia. Zamu yangu ilipofika Mwasiti alinitazama usoni, akaitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati langu.

"Katibu. Umekuja kuandika?"

"Hapana, nesi." Nikamgeuza binti yangu aone. "Ana miezi tisa."

Aliichukua kadi, akaisoma, akavuta dawa kwenye bomba la sindano mpaka kwenye mstari.

"Mshike mkono vizuri," alisema. "Na usiniangalie mimi. Mwangalie yeye."